Kimalizio Alichokichagua Zuhra

Kwa miaka mitatu Zuhra Amri aliishi Nachingwea kama mtu anayehama kesho. Chumba chake cha kupanga hakikuwa na pazia kwa sababu pazia lilishatangulia Nandagala. Kabati lilishatangulia, masufuria makubwa yalishatangulia, na la maana kuliko vyote, mume na mtoto walikuwa hukohuko Nandagala, upande wa Ruangwa, ambako Mwalimu Harithi alifundisha shule ya msingi na binti yao Asmaa alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kilichobaki Nachingwea ni godoro, jiko la mkaa na Zuhra mwenyewe.

Utasema, si aache kazi amfuate mumewe? Jaribu wewe kuacha ajira huku kwetu halafu uombe nyingine, uone utakaa nyumbani miaka mingapi. Tena hakuhitaji kuacha. Redio ya jamii aliyoifanyia kazi ilikuwa na chumba kidogo Ruangwa mjini, na nafasi ya pale ilikuwa wazi, inamsubiri mtu. Alichokosa ni karatasi moja tu, barua ya uhamisho, na kalamu ya kuisaini ilikuwa mfukoni mwa meneja wake, Titus.

Titus hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, Zuhra angemchukia mambo yakaisha. Alikuwa mpole, anauliza habari za mtoto kwa jina, na kila Zuhra alipoingia na ombi lake alimvutia kiti. "Mama Asmaa, mimi sikuzuii. Niletee mtu anayeweza kukaa kwenye kiti chako, hata kesho uende." Halafu anatabasamu. Zuhra alitoka kwenye ofisi ile mara kumi na moja, na kila mara alitoka akiwa ameshukuru.

Kiti chenyewe kilikuwa mbele ya kompyuta ya matangazo. Ile ya kwanza ililiwa na virusi vya flashi za watu, ndipo akaja fundi mmoja aitwaye Kornel, aliyechukia virusi kuliko nyoka, akaweka programu ya kuandikia ambayo haina picha wala vitufe vya kubofya. Ni maandishi matupu, na chini kabisa ya skrini kuna mstari mmoja. Ukitaka kitu, unaandika jina la amri kwenye mstari huo, unabonyeza enta, kinafanyika. Kornel alizipa amri zake majina ya Kiswahili: msiba-mpya, ng'ombe-waliopotea, mkutano-wa-kijiji, peleka-studio, na nyingine zaidi ya mia. Usipoandika jina lote sawasawa, mstari unakujibu "amri haipo" na kunyamaza. Kornel akaenda zake Songea, akabadilisha namba ya simu. Daftari aliloacha lililowa masika ya mwaka uliofuata, paa lilipovuja.

Zuhra alikuwa na amri zote kichwani. Angeweza kukaa wiki moja akaziandika upya kwenye daftari lingine, na kila mwaka alisema ataziandika. Hakuziandika. Wenzake walizoea kusema Mama Asmaa akiugua redio nzima inaugua, naye alicheka, akawaambia waache hizo, na siku hiyo nzima akatembea kifua mbele. Mtu anaweza kuipenda kamba aliyofungiwa, hasa akisifiwa jinsi inavyompendeza.

Mtu wa kukaa kwenye kiti hakupatikana. Wa kwanza alikimbia baada ya mwezi. Wa pili alipata kazi Mtwara. Wa tatu alikuwa Penina, binti wa Malimi, mfugaji aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa na kuhamia upande wa Ruangwa. Penina alikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha utangazaji, na jioni ndiye aliyesoma matangazo ya mifugo. Mwanzoni wakulima walinung'unika, wakisema ng'ombe wamejaa mashambani sasa wamejaa na redioni, lakini sauti yake ilikuwa nzuri na wakazoea. Alikuwa na akili, anajituma, hana majivuno. Tatizo ni amri.

"Dada, ile ya mkutano inaanzaje?"

"Dada, ya kurudisha nilichofuta?"

Zuhra alifuatwa na maswali hayo mpaka mlangoni pa choo. Alijibu kwa uchovu, na akijibu alisikia raha kidogo ambayo hakutaka kuitazama.

Basi siku moja, akiwa anachungulia simu yake, akasoma kwamba mstari wa amri unaweza kuwekewa msaidizi wa kumalizia. Unaandika herufi chache, msaidizi anakuletea jina zima. Watu wa programu ile walikuwa na wasaidizi wengi, wakibishana mtandaoni kama washabiki wa mpira kila mmoja akisifu wake. Zuhra alisoma mpaka bando likaisha, akanunua jingine. Kama mstari unaweza kumwambia Penina jina la amri, basi Zuhra hatakiwi tena kumwambia. Alipakua watatu, akawaita vimalizio, na akamwomba Titus muda wa kuvijaribu, kila kimoja wiki moja. Titus akakubali, tena akaongeza la kwake: kikipatikana kinachofaa, Penina ataachiwa matangazo peke yake Ijumaa na Jumamosi, na yakienda salama, Jumatatu barua inasainiwa.

Kimalizio cha kwanza kilikuwa kimya. Hakisemi kitu mpaka ukiombe kwa kitufe cha Tab, na hata ukikiomba kinamalizia pale tu ambapo hakuna shaka. Kilikuwa kizuri kwa mtu anayejua anakokwenda. Penina hakujua, kwa hiyo walikaa wawili hao, yeye na mstari, wakitazamana.

Cha pili kilikuwa cha orodha. Ukigusa tu mstari kinafungua nusu ya skrini na kukupangia amri zote, kila moja na maelezo yake mafupi pembeni, na kadiri unavyoandika ndivyo orodha inavyopungua. Tena hakijali umeanza na neno gani. Penina aliandika "ng'ombe" na amri zote za ng'ombe zikaja mbele yake, wale waliopotea, waliookotwa, wa chanjo. Akasoma maelezo, akachagua. Wiki ile hakuuliza kitu tangu Jumatano. Ijumaa alikuwa anaimba Kisukuma huku akiandika.

Zuhra naye wiki ile aliumwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila yeye kutazama, sasa orodha inaruka juu, inafunika alichokuwa anasoma, kompyuta kuukuu inavuta pumzi kabla ya kuifungua. Alijiona kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda kwao. Na kuna jambo lingine, ambalo hakumwambia mtu. Alipomsikia Penina anaimba, alihesabu siku tangu alipoulizwa swali la mwisho. Miaka yote hii, na kumbe ni hivi tu?

Cha tatu kilikuwa kinajifunza. Kinaangalia unachotumia sana na kukipandisha juu. Kufikia siku ya nne kilikuwa kimeshaijua mikono ya Zuhra. Akiandika herufi tatu, enta, jambo limekwisha. Alikipenda. Alisema wazi ofisini kwamba hiki ndicho, kile cha orodha kinakula skrini na mashine ni ya zamani, na maneno hayo yote yalikuwa ya kweli.

Penina alisimama karibu na mlango. "Dada, mie kile cha orodha ndo nakielewa."

"Utazoea," alisema Zuhra. "Hiki ni cha haraka. Na msiba hausubiri."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Huku mtu akifa alfajiri anazikwa alasiri, na si kila kijiji simu inashika. Wazee wa Malolo na Chinongwe wanategemea redio ya saa nne asubuhi kujua nani ametangulia, anazikwa wapi na saa ngapi. Tangazo likichelewa, ndugu wanakuta udongo umeshafukiwa.

Na kwa sababu ya haraka hiyo Zuhra alikuwa na mtindo wake. Kornel alitengeneza amri ya msiba-mpya, ambayo inakuuliza maswali saba, moja baada ya jingine: marehemu nani, wa wapi, anazikwa kijiji gani, saa ngapi, na kuendelea mpaka majina ya ndugu. Huwezi kuruka hata moja. Zuhra aliiona inamchelewesha. Yeye aliita msiba-uliopita, inamletea tangazo la jana likiwa limeshajaa, anafuta majina ya jana na kuweka ya leo, sehemu saba, vidole vinazijua. Alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Kimalizio cha tatu kikaona, kikajifunza.

Alhamisi alasiri alimwachia Penina kiti kama walivyokubaliana na Titus, akapanda pikipiki kwenda Nandagala. Njiani upepo ulimpiga usoni, vumbi likamjaa kwenye nyusi, naye alikuwa anacheka peke yake mpaka dereva akageuka kumtazama. Asmaa alimkimbilia kabla pikipiki haijasimama. Usiku ule Harithi alimwonyesha mahali alipopima ukutani pa kuweka meza yake. Wote wawili walikuwa wanaogopa kufurahi mapema.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa jikoni kwake, jikoni kwake kweli, anachambua mchele, redio ikiwa dirishani. Saa nne ikafika. Msomaji wa asubuhi akaanza: anasikitika kutangaza kifo cha Bi Hajira wa Malolo. Zuhra akasema inna lillahi kwa sauti ndogo, mkono ukaendelea na mchele. Maziko yatafanyika leo saa saba mchana, kijijini Chinongwe. Habari ziwafikie...

Ndipo mkono ukasimama. Yale majina ya ndugu aliyajua. Aliyaandika yeye mwenyewe jana yake, kwa vidole vyake, na yalikuwa ya ndugu wa mzee mwingine, aliyezikwa Chinongwe Alhamisi hiyohiyo saa saba.

Aliona kila kitu kana kwamba amesimama nyuma ya Penina. Ameandika "msi", kimalizio kimempandishia msiba-uliopita, amebonyeza enta. Likafunguka tangazo. Akabadilisha jina la marehemu na kijiji chake, vilivyokuwa juu. Chini, nje ya skrini, vilibaki vya jana. Msiba-mpya, ile yenye maswali saba ambayo ingemlinda, ilikuwa imezama chini kabisa kwa sababu Zuhra hakuwahi kuitumia.

Alichukua simu. Haikushika. Alitoka mbio kuelekea kilima cha nyuma ya shule, kanga ya kiunoni ikimfunguka, Asmaa, aliyekuwa kwenye mapumziko ya saa nne, akimfuata akidhani ni mchezo. Kule juu simu ilishika na kuachia. Kituoni hawakupokea, na ilipopokewa sauti ilikatika. Alipofanikiwa kusema sentensi nzima ilikuwa imeshapita saa nane. Tangazo la kusahihisha lilisomwa saa tisa kasoro.

Mtu wa nje atauliza, hivi ndugu hawamjui marehemu wao alikokuwa akiishi? Wanamjua. Lakini kwenye baadhi ya koo za huku, mwanamke akifa anaweza kurudishwa kuzikwa kwao, upande wa mama yake, hata kama alikaa kwa mumewe miaka hamsini. Bi Hajira kwao ni Chinongwe. Waliosikia redio wakaona ukoo umeamua hivyo. Na mtu akishasikia jina na saa ya maziko hasikilizi tena majina yanayofuata, anatafuta nguo na nauli. Kaka yake Bi Hajira, Mzee Hamidi, alikuwa shambani ng'ambo ya Nachingwea. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alikwenda Chinongwe, akakaa makaburini na wenzake wakisubiri jeneza, kando ya kaburi bichi la mtu mwingine. Malolo nao walimsubiri yeye. Walisubiri mpaka magharibi inakaribia, wakazika.

Jumatatu Mzee Hamidi alifika kituoni. Zuhra alikuwa amesharudi. Walidhani atapiga kelele, na wangeshukuru kama angepiga. Alikaa kwenye benchi, kofia mkononi, akasema Kiswahili chake cha kutafuta maneno.

"Mimi sikuja kugomba. Nataka kumwona tu huyo alieandika. Dada yangu kangojea mpaka jua likaisha. Mimi ndo wa kumshusha kaburini. Kashushwa na watoto wa jirani."

Penina alisimama. "Shikamoo babu. Ni mimi."

Mzee alimwangalia, akaitikia marahaba, akavaa kofia yake. "Basi nimekuona," alisema, akaondoka.

Titus alifunga mlango. Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema ni jambo la kusikitisha, kwamba Penina ana moyo lakini hii kazi haitaki moyo peke yake, na kwamba itabidi arudi kwenye matangazo ya mifugo ya jioni. Penina akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameinama, machozi yanadondoka kwenye sakafu ya saruji.

Zuhra alijua kwamba akinyamaza yeye atabaki Nachingwea, kwa kuwa hakuna mwingine wa kiti kile. Alijua pia kwamba akisema... alifikiri akisema itakuwaje, hakuona mbali. Aibu ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Meneja, kosa ni langu. Penina alifuata kilichopandishwa juu, na mimi ndiye niliyekipandisha. Nilichagua kimalizio kinachonifaa mimi. Kile cha orodha alikiweza, wiki nzima hakukosea. Nilimwona. Nikakikataa."

Penina aliinua uso. Zuhra hakuweza kumtazama.

Titus alivuta kiti akakaa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili matatu kuhusu kujifunza na kupandisha, naye Zuhra akaeleza vizuri, kwa utaratibu, kama kawaida yake. Alipomaliza, meneja alishusha pumzi ndefu na uso wake ukalainika. Alionekana kama mtu aliyeponea chupuchupu.

"Unaona sasa, Mama Asmaa? Haya yote uliyonieleza, nani mwingine humu angeyagundua? Fundi mwenyewe asingeyagundua. Ungekuwa Ruangwa tungeendelea kuwazika watu kombo mpaka mwisho wa mwaka." Akafungua droo, akatoa barua iliyokuwa imeshachapwa, bado haijasainiwa, akaikunja mara mbili. "Tuliache kwanza. Mpaka hali itulie. Sikuzuii, unajua sikuzuii."

Zuhra alitaka kusema kitu. Alichosema ni ahsante, kwa mazoea, na mwenyewe alijisikia akikisema.

Mchana ule aliondoa kimalizio kilichomjua akaweka cha orodha. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Aliandika maelezo ya amri zilizokosa maelezo, msiba-mpya akaipa maneno mengi kuliko zote, halafu akamwita Penina akae kwenye kiti. Penina alikaa ukingoni, kama mtu wa kuinuka. Ukaja msiba kutoka kijiji cha jirani. Akaandika "msiba", orodha ikaja, akasoma kidole kikiwa kwenye skrini, akachagua. Maswali yakaja moja moja, akayajibu yote saba. Likafuata tangazo la mkutano wa kijiji. Likafuata la ndama aliyeokotwa. Zuhra alisimama nyuma yake akisubiri kuulizwa. Baada ya saa nzima alikwenda kukaa kwenye benchi alilokaa Mzee Hamidi, mikono mapajani, hana la kufanya.

Harithi alipiga simu saa kumi, kutoka kilimani. Zuhra akamweleza yote. Mumewe alikuwa mtu wa kusikiliza, mwalimu, anaacha mtu amalize.

"Hicho cha tatu," aliuliza mwisho, "nani alikichagua?"

"Mimi."

"Na ulijua yule binti anakiweza kile kingine?"

Zuhra alitazama mgongo wa Penina. "Nilijua."

Upepo wa kilimani ulivuma kwenye simu. Harithi hakugomba. Alikohoa, akasema Asmaa amekuja naye mpaka huku juu, anataka kujua mama anarudi lini na vitu vyake.

"Mwambie mama yuko kazini," alisema Zuhra.

Penina alipeleka tangazo la nne studio, bila kugeuka nyuma kuuliza kitu.